Binti Aliyelibomoa Jiko Langu

Sinywi pombe. Siku hiyo sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na macho yangu yanaona sindano kwenye vumbi. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua mtaanza. Kila ninayemsimulia hunitazama usoni kwanza, kisha huniuliza nilikuwa nimekula nini. Nilikuwa nimekula ugali wa uwele na mlenda. Basi tuendelee.

Na jambo lenyewe lilitokea saa kumi jioni, jua likiwaka. Mizimu ya watu wengine hutoka usiku wa manane. Wa kwetu alikuja mchana kweupe, nadhani kwa sababu kazi ya udongo haifanyiki gizani.

Mimi ninakaa huku Mgori, Singida. Kama hujawahi kufika kwetu mwezi wa sita, usiniambie unajua baridi. Upepo unatoka mashariki, unapita kila tundu, na nyumba ya bati inakuwa baridi kama mtungi. Mwanangu Neema nilimzaa ndani ya baridi hiyo, kwenye nyumba hiyohiyo ya bati niliyokuwa najivunia. Kifua kilimbana wiki tatu, nusura tumpoteze. Mwaka huu Neema alikuwa amerudi kwangu kujifungua mtoto wa kwanza, na hesabu za kliniki ziliangukia mwezi huohuo wa sita. Nikaapa: mjukuu wangu hatalala kwenye baridi ile.

Nyuma ya nyumba yetu kuna tembe la zamani la ukoo wa mume wangu, paa lake la udongo, kuta nene. Watu walikuwa wanatucheka kwa kuliacha lisimame. Mimi nikalikumbuka. Tulipomaliza kuvuna alizeti, mume wangu akaenda Shelui kuziuza, nami nikabaki na tembe. Nilipandisha udongo paani, nikaziba nyufa, nikapanga kuni chini ya upenu mpaka zikafika kiunoni. Kisha nikajenga jiko la udongo ndani ya chumba cha mzazi, lile la kutunza kuni tulilofundishwa kwenye semina, lenye tundu la kupitishia moshi ukutani. Siku tatu nzima. Nikaliwasha.

Moshi ukanifukuza mpaka zizini.

Nikarekebisha, nikawasha tena. Moshi uleule. Neema alisimama uani na tumbo lake, anakohoa, na mimi nikiona anavyokohoa roho inaniuma. Mtoto mchanga akae mle? Si bora hata baridi! Nikamtuma Neema akapumzike kwa babu yake, baba wa mume wangu, nyumba ya pili, nikabaki mwenyewe natazama jiko langu kwa chuki.

Ndipo nikasikia hodi.

Nikasema karibu bila kugeuka. Nilipogeuka, nikamwona binti wa kama miaka ishirini hivi, mwembamba, kajifunga kaniki moja, mikono yake imejaa udongo mbichi mpaka kwenye viwiko. Simfahamu. Nikasubiri shikamoo yangu. Mimi ni mama wa watu wazima, sasa natarajia kuitwa bibi, si nisubiri? Yeye naye akasimama. Ananitazama. Mimi namtazama. Kuku wakapita katikati yetu.

Mnajua tunavyomfanya mtoto asiyesalimia. Nikamwambia kwa sauti, "Marahaba!"

Hapo kwa kawaida mtoto huona aibu, huinama, husalimia. Huyu alicheka. Alicheka kwa raha mpaka akajishika ukuta.

"Unaitikia nini, na shikamoo yangu hujaitoa?"

"Nikupe wewe shikamoo?"

"Sasa utampa nani, mke mwenzangu?"

Niaminini, masikio yangu yaliziba. Mke mwenzangu! Mume wangu yuko Shelui, kwenye malori na mahoteli ya njiani, na hapa mlangoni kwangu kasimama binti ananiita mke mwenzake. Kichwani nilishamaliza kila kitu: nimeshamfukuza, nimeshaita wazee, nimeshagawa mbuzi. Nikatafuta cha kushika, nikapata mwiko wa ugali.

Yeye wala hakuutazama mwiko. Alinipita, akaingia chumbani, akalizunguka jiko langu mara moja.

"Moto umeuelekeza mlangoni," akasema. "Upepo wa mashariki unaingia, unausukuma moshi urudi ndani. Nani kakufundisha?"

"Semina," nikasema.

"Huyo Semina hakai huku."

Kisha, mbele ya macho yangu, akaweka mguu juu ya jiko la siku tatu na kulibomoa.

Je, nilimpiga? Hapana. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikwishachuchumaa na kuanza kuukanda ule udongo, na alivyokuwa anaukanda niliona kwamba mimi sijui kukanda udongo. Akaniagiza majivu, nikaleta. Akaniagiza kinyesi cha ng'ombe, kibichi si kikavu, nikaleta. Nilijikuta nimepiga magoti karibu yake, mwiko nimeuacha wapi sikumbuki.

Aliugeuza mdomo wa jiko uelekee pembe ya ndani. Karibu na mlango akainua kiukuta kifupi cha kuukata upepo. Tundu la moshi akalihamishia ukuta wa magharibi, juu kabisa. Wakati wote huo alikuwa akiimba wimbo wa kutwangia, kwa Kinyaturu cha zamani ambacho mimi nilikisikia kwa bibi zangu tu, na nilipokosea kiitikio alinisukuma kwa bega na kuniambia nirudie. Nikacheka. Mimi, niliyekuja na mwiko! Hasira ilikuwa imeniisha, na kwa mara ya kwanza tangu Neema arudi nyumbani nilisikia furaha tupu, ile ya kufanya kazi na mtu anayeijua.

Mambo mengine niliyaona lakini sikuyatia maanani. Alichota maji ndooni mara nyingi, na maji hayakupungua. Udongo ulikauka kila alipopitisha kiganja, ukawa mgumu kama umekaa juani wiki nzima. Na upepo, ambao kwetu hauna likizo, ulikuwa umetulia kabisa.

Tulipomaliza nikamwambia asinawe kwanza. Kwetu mtu akikukandikia nyumba, mwenye nyumba ndiye anayemnawisha, kisha anampa chakula. Kuondoka na mikono ya udongo ni kukudai maisha yako yote. Akaitikia kwa kichwa. Nikatoka kuchukua uji na maji ya moto jikoni, hatua kumi, mlango wa tembe nikiuona muda wote. Mlango ni huohuo mmoja.

Niliporudi hakuwepo mtu.

Sakafu ilikuwa mbichi, maana tuliimwagia maji. Nyayo zilikuwa za kwangu tu, kwenda na kurudi. Na kwenye ubavu wa jiko kilikuwapo kiganja kimoja kilichobonyea kwenye udongo, kidogo kuliko changu, kidole cha mwisho kimepinda kuelekea nje.

Bakuli la uji lilinidondoka. Nikakimbia kwa baba mkwe nikipiga kelele, sijui nasema nini. Mzee ana miaka themanini na kitu, anatembelea fimbo, lakini siku hiyo alinitangulia. Neema alikuja nyuma yake akiuliza nani kaniumiza. Mzee aliinama pale kwenye jiko, akakiona kile kidole, akakaa chini.

Lazima niwaeleze. Mama yake Mzee alifariki akiwa binti, mwaka wa kwanza wa ndoa yake, mtoto akiwa hajakaa vizuri. Kifua kilimuua wakati wa baridi, ndani ya tembe hilihili. Mzee alilelewa na shangazi yake, na alichoambiwa kuhusu mama ni mambo machache: alijua kukandika kuliko wanawake wote wa hapa, na kidole chake cha mwisho kilipindishwa na jiwe la kusagia. Picha hakuna. Kaburi lenyewe lilishalimwa.

Kwa hiyo alikuwa bibi wa mume wangu. Na bibi, kama mnavyojua, humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", kwa utani. Basi mimi ni nani kwake? Nilimshikia mwiko bibi mzaa baba mkwe!

Mzee akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwaje?"

Hapo ndipo nililia. Mzee mzima, kichwa cheupe, ananiuliza mimi mama yake alikuwaje. Nikamwambia ni mwembamba. Ni mweusi wa kung'aa. Anacheka sana, Baba, anacheka mpaka anajishika ukuta. Akataka nirudie hapo pa kucheka. Nikarudia.

Jioni ile tukawasha moto. Upepo ulikuwa umeanza tena, unapiga mlio paani. Moshi ukapanda moja kwa moja, ukatokea magharibi kama uliotumwa, na chumba kikapata joto mpaka Neema akavua sweta.

Mtoto alizaliwa wiki ya pili ya mwezi wa sita, msichana. Siku tuliyomleta kutoka zahanati, Mzee alimpokea, akakaa naye karibu na jiko. Nikamsikia akisema, taratibu, akilitazama lile jiko, "Shikamoo, mama." Neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa namna ile maisha yake yote. Kisha akamtajia mama yake jina la kitukuu wake. Mume wangu, niliyekuwa nimeshamgawia mbuzi zake kichwani, alitoka nje kufuta macho.

Tangu hapo, nisikufiche, nimekuwa kichekesho. Gulioni nawaamkia wasichana wa sekondari. Wanakimbia! Kuna mmoja aliniitikia "marahaba" kwa utani nikamtazama vidole. Nachekwa nami nacheka, lakini wewe sikiliza. Ukiona binti usiyemjua amesimama mlangoni kwako anasubiri kusalimiwa, usimpigie hesabu ya miaka. Shikamoo haina gharama. Na ukimwacha akakufanyia kazi, usimwache peke yake hata hatua kumi kabla hujamnawisha mikono.

Mimi deni hilo ninalo. Kila alfajiri, nikishuka kumwashia moto mzazi, kabla sijagusa kuni nasema shikamoo. Sijaitikiwa hata siku moja. Ila baridi imefika katikati, upepo unang'oa mabati ya watu, na mtoto amelala pale anatoa jasho puani. Hajakohoa. Hajakohoa hata mara moja, na mimi hiyo naichukua kuwa marahaba.