Mafua ya Binti Mfalme

Kwa miaka mitatu nimemchukia askofu mmoja aliyekufa karne nyingi kabla sijazaliwa. Ndiye ninayeandika habari zake kwa shahada yangu ya udaktari hapa Sydney. Mfalme wake alimtuma ng'ambo kusuluhisha vita, kubembeleza maadui, na safari moja kumposea mke. Kwa kifupi, alikuwa mshenga mwenye kofia ya kiaskofu.

Barua za safari ile nimezisoma mpaka nimezikariri. Anaeleza baridi, nyumbu aliyechechemea, samaki aliyenuka mezani, nani alikalishwa kiti kipi. Kuhusu binti mfalme aliyeposwa, mtoto wa miaka kumi na miwili, kuna mstari mmoja tu: macho yake mekundu, ana mafua. Mafua! Mtu aliyeweza kusoma uso wa mfalme adui alishindwa kumtambua mtoto anayelia? Siku nilipousoma mstari ule nilifunga kompyuta kwa kishindo, maktaba nzima ikageuka.

Hasira hiyo niliitembeza kila mahali, hata kanisani kwetu Rooty Hill, wakati wa chai. Mzee mmoja wa kanisa, Mkenya, alinisikiliza akacheka.

"Wewe unajua kuongea, msomi. Si uniendee Campbelltown? Kijana wangu amepata mchumba huko, na mimi nataka mshenga."

Nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilisifiwa, niseme ukweli.

Jumamosi nilivaa koti nikapanda treni. Familia ya binti ni Wakongo, watu wakarimu mno. Nilikula sombe, kisamvu chao, nikamsifu kijana, nikausifu ukoo wake, na baba wa binti akawa anaitikia kila sentensi. Nilijiona fundi. Kisha binti akaingia na chai. Ana miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi. Macho yalikuwa mekundu na hakuyainua.

"Ni allergie tu, papa," mama yake akaniwahi. "Hapa maua ikianza, iko vile kila mwaka."

Nikaitikia kwa kichwa kwa heshima, nikaendelea kupanga tarehe ya ugeni wa pili.

Kwenye treni ya kurudi nilianza kumwandikia mzee ujumbe. Nilieleza mapokezi, sombe, maneno mazuri ya baba mtu, tarehe tuliyopatana. Nikamalizia: binti ana aleji kidogo, si kitu.

Kidole kiliganda hapo hapo. Hasira iliyonipanda, hata askofu hakuwahi kunitia. Yeye angalau alikuwa na mfalme wa kumkata kichwa. Mimi nilimwogopa nani? Mzee anayegawa biskuti Jumapili? Miaka mitatu namtukana marehemu, halafu saa moja tu kwenye kochi la watu, nimeshiba, nafanya vile vile. Mjinga mkubwa mimi.

Niliufuta ujumbe, nikashuka kituo cha Minto, nikangoja treni ya kurudi Campbelltown. Najua mshenga hapaswi kurudi siku ile ile, tena kumtafuta binti mwenyewe. Niligonga mlango. Akafungua yeye, tishu mkononi.

"Uncle, you forgot something?"

"Ndiyo," nikasema, kwa sauti ya kumfikia mama yake jikoni. "Nimesahau kukuuliza wewe."