Mahindi ya Juu ya Jiko

Enzi zetu, sisi ambao wazazi walituhamishia porini, hakuna mtoto aliyeulizwa anataka kula nini. Ulikula kilichokuwepo, na kisipokuwepo ulikunywa maji ukalala. Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapahapa Wembley, hufungua friji iliyojaa, akauegemea mlango wake, kisha akatangaza kwamba hakuna chakula. Nikianza kumweleza tulivyoishi, anatulia kwa adabu, kama abiria anayesikiliza tangazo la treni iliyochelewa. Basi nawasimulia ninyi wa rika langu.

Nilikuwa na miaka saba tulipohama Usukuma kwenda kwenye misitu ya Mpanda. Kwetu malisho yalikuwa yamekwisha, na baba alisikia kwamba huko unachokifyeka ndicho chako. Mpaka leo watu husema baba ndiye aliyefungua lile shamba. Miti alikata, sikatai. Lakini baba alikuwa mtu wa ng'ombe, na akiondoka nao alirudi baada ya wiki kadhaa. Aliyechoma visiki, akang'oa mizizi na kulima kwa jembe la mkono huku mdogo wetu Limi yuko mgongoni, ni mama. Mimi na kaka yangu Masanja tuliokota mizizi nyuma yake mpaka viganja vikachubuka. Tukimaliza sehemu yetu tulishindana kuruka visiki vilivyokuwa bado vinafuka moshi, kisha tukaingia porini kutafuta matunda ya furu, tukarudi na midomo myeusi. Harufu ya majivu ilikaa kwenye nywele zetu, kwenye nguo, hata kwenye uji. Niliipenda, na bado naipenda, ingawa nina sababu za kuichukia.

Kila mavuno, kabla mtu hajaonja kitu, mama alichagua mahindi manene kuliko yote, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyakaushe. Mengine aliyapukuchua, akayachanganya na jivu, akayatia kwenye kibuyu. Yalikuwa meupe, yenye punje nyekundu mojamoja. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku tuliyohama. Akituona tumeyakodolea macho alisema, "Hayo si mahindi. Hayo ni mwakani."

Mwaka wa tatu mvua ilikatika mahindi yakiwa ya kimo cha magoti. Tukamaliza ghala, tukaingia kwenye michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, navyo vikapungua. Baba alikuwa mbali na ng'ombe wake. Limi, wakati huo ana miaka minne, akaugua surua. Alilazwa kwenye mkeka jikoni, kwenye joto, chini kabisa ya yale mahindi. Hakulia. Aliyanyooshea kidole tu akasema, "Mama, lile."

Mama akamnywesha maji ya michembe, akageuza uso. Masanja akapanda juu ya kinu ayashushe, mama akamchapa kwa mwiko. Limi alifariki kabla ya mvua. Mvua ziliponyesha, mama alishusha mbegu yake akapanda, na mwaka huo tulivuna mpaka tukakosa pa kuweka. Nilikula mpaka nikatapika. Majirani walisema yule mtoto asingepona hata angekula, surua ilikuwa imewachukua wengi. Labda. Lakini mimi nilikiona kile kidole, na kwa miaka arobaini sikumsamehe mama.

Baba alipofariki, karatasi za kijiji za lile shamba zilikuwa na jina lake peke yake. Masanja alipata mnunuzi, tajiri mmoja wa mbao, akanipigia simu kuniuliza. Nikamjibu, "Uza, kaka. Mama apumzike." Ndivyo tulivyo sisi tunaoishi nje, tunawapumzisha watu ambao hawajasema wamechoka. Mama mwenyewe hakuulizwa na mtu. Nikamleta London, nikamnunulia koti na soksi za sufu, nikamfundisha kuwasha hita. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Baridi ilipoanza kulegea, nilirudi kutoka kazini, ambako kutwa nzima natunza wazee wa watu, nikamkuta wa kwangu ameazima koleo kwa jirani na kupindua majani yote nyuma ya nyumba. Matuta yamenyooka kama ya Mpanda. Nikamnunulia pakiti za mbegu za mchicha. Akanishukuru, akaziweka dirishani, wala hakuzifungua.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na Neema. Nikabaki napanga vyombo jikoni, na kwenye kabati la juu, juu kabisa ya jiko, nikakuta kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mahindi makavu, kiasi cha bakuli mbili, yamejaa jivu. Meupe, na punje nyekundu mojamoja. Nilifurahi karibu nilie. Nikasema mama kabeba chakula cha nyumbani, kisha kasahau alikokiweka. Nikaliosha lile jivu kwenye sinki mpaka maji yakatoka safi, nikayatia kwenye sufuria ya presha pamoja na maharage.

Waliporudi, mama alisimama mlangoni akinusa. Akatazama kabati la juu, kisha akatazama sufuria.

"Kabula, umeyatoa wapi?"

"Kwenye kopo lako, mama. Nimekupikia makande."

"Yote?"

"Yote."

Akavua koti taratibu, akakaa. "Nilikuwa nangoja udongo upate joto," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi niliyelelewa chini ya ile mbegu nimeikuta juu ya jiko, imepakwa jivu, nikaiosha kwa mikono yangu.

"It's only corn, Bibi," Neema alisema. "We can buy some more."

"Ndiyo, mjukuu wangu," mama akamjibu kwa upole.

Nikaanza kubabaika. Nikasema nitampigia Masanja, awaulize majirani wa zamani, hawezi kukosa hata hindi moja.

"Wote wanapanda ya dukani sasa," mama akasema. "Nipakulie."

Nikampakulia. Akala kijiko cha kwanza, akatafuna muda mrefu. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Ningejua ni ya kuliwa, angekula Limi."

Alikula mpaka akamaliza, nami nikala mbele yake. Neema aliacha yake, akaenda kujitengenezea mkate.

Kwenye yale matuta nimepanda mchicha, na umestawi. Mama hapiti tena upande ule. Enzi zile tulilala na njaa, na mwakani ikining'inia juu ya vichwa vyetu. Miaka arobaini nilimhukumu mama kwa kutoipika ile mbegu. Nimeipika mimi, siku ambayo hakuna aliyekuwa na njaa.