Mkarati wa Annastella

Pale Kaagya ukiulizia nyumba ya Annastella, watu watakuuliza kwanza: yupi, wa viwavi? Ndiye huyohuyo. Mjane wa miaka sitini na mbili, mwanakwaya wa usharika, na hakuna wa kumdanganya kuhusu mdudu anayeishi mwisho wa kibanja chake cha migomba na kahawa.

Mdudu mwenyewe ni nondo wa hariri wa porini. Jike hutaga chini ya jani la mti uitwao mkarati, akayafunika mayai kwa manyoya ya mkia wake mwenyewe, na siku chache baadaye hufa bila kuonja chakula. Viwavi wakianguliwa hula pamoja, na wakihama hufuatana kichwa kwa mkia kama watoto wa chekechea. Baada ya miezi karibu mitatu ya kula, husokota kiota kimoja cha rangi ya kahawia, kikubwa kama papai, wakajifungia humo nusu mwaka hadi waote mabawa. Hayo Annastella ameyafuatilia miaka kumi na tisa, bila shahada wala semina.

Mikarati mingine ya kitongoji iliishia kwenye mkaa. Umebaki wake. Ukianguka huo, nondo hao basi tena.

Sasa mwaka huu kahawa ya Byabato ikaliwa majani. Byabato ni mdogo wa marehemu mumewe, na vibanja vyao vinapakana. Hakuchunguza wala nini. Alipita nyumba kwa nyumba akisema ni viwavi wa shemeji, mpaka mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano wa Jumamosi: mti ukatwe, uchomwe.

Mwingine angelia. Annastella alishusha viwavi hamsini kwa jani la mgomba, maana manyoya yao yanawasha vibaya sana, akawatia kwenye beseni, na Jumatano asubuhi akaenda nao kwa shemeji. Penina, mke wa Byabato, akamletea kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Akatafuna taratibu. Na Mhaya gani atamkatalia ombi mtu anayetafuna kahawa nyumbani kwake? Ombi lenyewe dogo: beseni likae hapo barazani hadi Ijumaa, na wenye nyumba wawatilie viwavi majani ya kahawa yao wenyewe.

Usidhani ilikuwa rahisi. Alijua wazi kwamba wale hamsini amewatoa kafara, na njiani kurudi roho ilimuuma kweli.

Byabato alijifanya hana habari na beseni, lakini Penina alisema baadaye kwamba kila akipita anachungulia. Alhamisi majani mazima. Ijumaa majani mazima, na viwavi wanalegea mmoja mmoja. Ndipo Byabato akaingia shambani, akapekua mibuni yake kwa mara ya kwanza tangu aanze kulalamika, akamkuta mlaji: kiwavi wa kijani, mnene, mwenye pembe mkiani, anatafuna bila wasiwasi. Jamani!

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu yule aliona aibu, na aibu ikamtia haraka. Alizoa viwavi waliobaki hai kwa mikono mitupu, akakimbia nao hadi kwenye mkarati.

Jumamosi alifika mkutanoni mikono imevimba hadi viwikoni, anajikuna. Watu wakasema ushahidi si ndio huo, shoka liko wapi? Annastella akainuka, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakujua shemeji yake atasema nini.

"Kaa, shemeji," Byabato akamwambia. Kisha akawageukia watu. "Viwavi wake wamekufa njaa juu ya kahawa yangu, mimi nikiwatazama. Anayetaka kuukata mti ule aanze na mimi."

Annastella hakusubiri sala ya kufunga mkutano. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa kibanja, akainama chini ya mkarati akawahesabu waliorudi kati ya wale hamsini. Walikuwa kumi na wanane, na wote walikuwa wanakula.