Kilo Kumi na Nne za Hewa

Mama Wivine hakuwahi kuamini mizani ya mtu mwingine. Ananunua kakao pale Bwera, mpakani, tangu alipovuka kutoka Butembo, miaka ishirini sasa, na popote aendapo hubeba mizani yake ya kuning'iniza. Hata siku alipokuja ofisini kwetu Kasese kuchukua sanduku la marehemu bintiye, aliitoa mkobani kabla hajanisalimu. Nilikasirika. Mimi, Nobert, nimepokea mizigo ya ndege miaka tisa, na sipendi kufundishwa kazi.

Sanduku hilo la kadibodi lilitoka Dubai. Sylvie, binti huyo, alikuwa akifanya kazi za ndani huko, akaugua ghafla, akazikwa huko huko. Rafiki yake alikusanya vitu vyake chumbani, akavituma, nauli ilipwe huku. Katika ukoo wa Wivine, aliyezikwa ugenini huzikiwa nyumbani kitu chake, la sivyo hatulii. Maziko yalikuwa siku ile ile saa tisa alasiri, na mama huyu alitaka jambo moja tu: mwanawe afike.

Alilining'iniza. Kilo sita. Karatasi yangu ilisema ishirini.

"Mizani yangu inasema sita," akasema. "Ile kumi na ine ingine iko wapi?"

Nikachukua utepe nikapima mbele ya macho yake. Urefu sentimita sitini, upana hamsini, kimo arobaini. Ukizidisha zote unapata laki moja na elfu ishirini. Gawanya kwa elfu sita, ndiyo kanuni ya mizigo ya ndege, ni ishirini. Kisha unalinganisha na mizani, na iliyo kubwa ndiyo unayolipia. Ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, kwa hiyo mto na blanketi hulipiwa kana kwamba ni misumari.

"Basi ile kumi na ine iko nini?"

"Hewa, mama."

"Hewa ya wapi?"

Nilikuwa nimechoka, nikajibu ovyo. "Ya chumba walichofungia sanduku. Ya wapi tena?"

Nikajuta papo hapo, nikamwambia ninaweza kulifungua, tuvikunje vile vitu apate mzigo mdogo wa kubeba, ingawa nauli haitapungua.

Akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Usifungue. Iko hewa ya Sylvie."

Alilipa zote ishirini bila kubembeleza, yeye anayebishana hadi shilingi ya mwisho. Kisha akaniomba utepe wa gundi, akaziba kila mshono wa sanduku, mpaka tundu la kushikia.

Nilikuwa na mzigo mwingine wa Bwera, nikampa nafasi kwenye pikapu. Alilipakata sanduku njia nzima. Tulipopita Kinyamaseke nikaona ubavu wa sanduku ukivimba polepole, ukanywea, ukavimba tena. Nikasema moyoni ni jua. Joto hutanua hewa, hilo kila mtu wa kazi yangu analijua. Lakini joto halitanui kisha likarudisha, tena na tena, kwa utaratibu ule. Nikayaelekeza macho yangu barabarani na sikuyageuza tena.

Bwera kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba. Muhindo, kaka yake Wivine, mwanamume wa kubeba magunia, alilipokea sanduku mlangoni mwa gari kama apokeaye nguo tu, na mikono yake ikashuka nalo hadi magotini.

"Muliweka mawe ndani?" akaniuliza.

Kasese nilimwona dada yake akilinyanyua kwa mkono mmoja.

Wivine hakushangaa. Alitundika mizani yake kwenye boriti ya kibanda anapopimia kakao, wakasaidiana kulifunga sanduku kwa kamba na kulining'iniza. Mshale ulipita sita bila kusita. Ulipita kumi. Ulifika ishirini, ukabaki pale ukitikisika, na hapakuwa na upepo. Katekista aliyekuja kuongoza maziko alishusha kitabu chake. Niliogopa, wala sioni haya kulisema.

"Papa Nobert," Wivine akasema, "hesabu yako ilikuwa ya kweli."

Akalikumbatia sanduku pale lilipokuwa linaning'inia, akaliegemezea shavu lake, akasubiri mpaka mshale ukatulia kabisa.

"Amefika," akamwambia Muhindo. "Sasa mumuzike."