Safu Juu ya Shaba

Nakumbuka siku moja nilimlilia mwalimu wangu kwa sababu ya kipande cha shaba. Mwanangu, wewe uliyeanza masomo juzi na leo unataka kuyaacha, kaa nikuhadithie.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, chuoni Tunguu. Kwetu ni Mkunazini, na njumu za mlango wetu, vile vichwa vya shaba vya kupambia, hazikupata kukaa na mng'aro kwa hewa ya chumvi. Nikajitia ushujaa kwamba nitaikinga shaba kwa asidi itokayo kwenye mafuta ya nazi. Unakisugua kipande mpaka king'ae, unakizamisha kwenye spiriti yenye asidi hiyo, na molekuli zenyewe zinakuja kukishika. Kilichonishinda ni subira, maana sikuumbwa nayo.

Kila nikikitoa nikakitia maji ya bahari, kesho yake kina madoa ya kijani. Siku ya kuonesha kazi ilikaribia. Nikishindwa narudia mwaka, na baba alikwishasema mwaka wa ziada hatausikia. Ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Nikamwendea mwalimu wangu, Bi Zuwena, mtu mzima wa maneno machache, nikamlilia. Akaniuliza nakizamisha muda gani. Nikamwambia, mpaka nimalize chai. Akacheka hata akavua miwani.

"Molekuli zimefika, mwanangu, lakini hazijajipanga. Nyingine bado zimelala ubavu. Zinasukumana, zinatambaa juu ya shaba, kila moja inatafuta pa kusimama, na wewe ushazichomoa. Ziache."

Nikaziacha mpaka kesho. Kwa macho sikuona chochote kipya. Nikadondosha maji ya bahari, tone likakataa kutandaa, likajikusanya mviringo. Nilipokiinamisha kipande likateleza likaanguka, na shaba ikabaki kavu. Subhanallah. Safu moja tu isiyoonekana, vichwa vya molekuli vimeikamata shaba, mikia yake isiyopenda maji imeelekea juu, bega kwa bega kama watu wa sala ya Idi, na hapana mkono wa mtu uliozipanga. Nikadondosha tone jingine, nalo likateleza.

Kazi ile ilipita, mwanangu. Basi nasaha yangu ndiyo hii: kufika mahali ni kwa haraka, kupata pako pa kusimama ndiko kunakochukua muda. Ukijiona umelala ubavu, unasukumwa huku na huku, usikurupuke ukajichomoa. Hujashindwa, bado unajipanga.

Mola akupe pa kusimama, na wa kusimama nao, na utulivu wa kubaki hapo mpaka uone kuwa ni pako.