Mstari Mweupe na Kiingereza cha Ogola

Siku yangu ya kwanza kwa boti ya abiria, Muhuru Bay, nilipewa kazi moja: kuangalia mstari. Ulikuwa mstari mweupe wa rangi, umepigwa ubavuni mwa boti. Maji yakiugusa, unasimamisha kupakia. Hapo hata chifu anabaki ufukweni. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini mstari hautaki shule.

Msimamizi wa boti alikuwa Ogola. Siku ya soko maji yakafika kwa mstari, na wamama wa omena, dagaa wa ziwa, bado wamepanga magunia. Nikainua mkono. Ogola akanishika bega.

"Omera, ndugu yangu, turn a blind eye."

"Ati nini, bosi?"

"Hiyo ni Kiingereza. Pakia."

Mwalimu Adhiambo, aliyevuka nasi kila Jumatatu kwenda kufundisha, alicheka kwa kiti chake.

"Anakuambia uone na ujifanye hujaona. Ufumbe macho," akanieleza. "Mkubwa akifumba, wanaita busara. Wewe ukifumba, utaitwa mzembe. Chunga, nyathina, mtoto wangu."

Sikuchunga. Mwishowe Ogola hakusema tena, alikonyeza tu. Mkaguzi alipokuja kupima boti, alibeba samaki wake wanne, ngege wanono, akaenda. Halafu boti ikapakwa rangi upya. Ogola akanipa brashi.

"Pandisha huo mstari kidogo. Unatuchelewesha."

Niliupandisha upana wa kiganja.

Upepo ulitukuta katikati, Jumatatu. Boti ililala ubavu mara moja, maji yakaingia. Mimi nilishika jerikeni tupu. Mwalimu hakupata cha kushika.

Huko Homa Bay tuliitwa kwa uchunguzi.

"Mstari ulikuwa umezama?" mkubwa akaniuliza.

"Hapana, mkubwa. Ulikuwa mkavu." Na hiyo ilikuwa kweli.

"Nani aliupaka?"

Nilimtazama Ogola. Alikonyeza.

"Sijui, mkubwa."

Waliandika kwamba mimi ni mzembe, nikafutwa kazi. Ogola alipewa boti nyingine.

Siku hizi nauza omena Kegonga, mbali na maji, na mgongo umechoka. Mwezi uliopita binti wa Mwalimu alisimama kwa meza yangu, akaniuliza kama siku ile boti ilikuwa imejaa. Nilimpimia omena, nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka, binti yangu. Ogola aliamuru. Mkaguzi alikula akanyamaza. Brashi ilikuwa mkononi mwangu.