Kofia Isiyovuja ya Celso Yucra

Jumamosi, tarehe 19 Aprili 1997. Alfajiri barafu nyembamba ilitanda juu ya ndoo za maji. Kufika saa tatu jua lilikuwa kali, na ziwa limetulia kama maziwa ndani ya sufuria.

Asubuhi hiyo Celso Yucra, mjenzi wa kuta za mawe, alivuka kutoka kisiwa cha Pukawata kwenda mji wa Puno ng'ambo ya ziwa na magunia mawili ya viazi na chupa moja ya maji. Viazi vilikuwa vya kuuza. Chupa ya maji hakumweleza mtu ni ya nini.

Pukawata wafumaji wa kofia ni wanaume. Mtoto wa kiume huanza akiwa na miaka saba, na akikua hufuma hata akipanda mlima. Kapera huvaa kofia yenye kilele cheupe. Anayetaka kuoa hufuma nyekundu tupu na kuipeleka kwa baba wa msichana, naye huijaza maji na kuvuka nayo ua mpaka kizingitini. Ikivuja, kijana hurudi kwao akafume nyingine.

Celso alikuwa amesharudi kwao mara mbili. Mikono yake iliweza kupanga mawe hata wembe usipite katikati, lakini ukiipa sindano ilikuwa kama imevaa glavu. Kofia ya kwanza ilimwaga maji yote kabla mzee hajainua mguu. Ya pili, mama wa msichana aliomba aachiwe achujie pombe ya mahindi. Sasa harusi za Mei zilikuwa karibu, na Natividad Marca, aliyemngoja miaka mitatu, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba Mei ikipita na yeye atapita.

Ndiyo maana Celso alikuwa akizunguka soko la bandarini, akivuta hii, akinusa ile, akikunja ukingo wa nyingine. Kofia zilining'inia kwa mamia, zenye masikio na zisizo na masikio, zenye vishada, zenye ndege na lama, wanyama wa mizigo wa milimani, waliofumwa ubavuni. Kwenye kibanda cha kwanza alimimina maji kidogo, yakapita moja kwa moja hadi kwenye kiatu chake. Kwenye cha pili alifukuzwa kwa ufagio. Alipofika kwa Mama Eufrasia, mwanamke mnene aliyekuwa akila mahindi ya kuchemsha, habari zake zilikuwa zimeshamtangulia.

"Mwanangu," alisema Mama Eufrasia, "unatafuta kofia au ndoo?"

Celso akajibu kwamba anatafuta kofia ngumu kidogo.

"Kwani kichwa chako kinavuja?"

Wauzaji wa jirani wakaangua kicheko, na Celso mwenyewe akajikuta anacheka. Mama Eufrasia aliinama chini ya meza, akatoa kofia nyekundu iliyofungwa ndani ya gazeti, akaishika mbele yake kama bakuli na kumwambia amimine. Chupa nzima ikaingia. Maji yakatulia humo, hayatoki, hayalowanishi hata nje. Mbwa mmoja akaja akanywa. Celso alitaka kujua nani kaifuma, lakini Mama Eufrasia alisema mfumaji mwenyewe amemwapisha asimtaje, na kwa ajili ya kiapo hicho bei ni soles arobaini. Celso alilipa bila kubishana, jambo ambalo soko zima lililiona kuwa la ajabu kuliko chupa ya maji.

Njia nzima ya kurudi aliimba. Aliiweka kofia juani ikauka, akaivaa, akaivua, akamwonyesha nahodha, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kumwonyesha mtu.

Jumapili baada ya misa, Mzee Saturnino Marca, babake Natividad, aliwasomea watu sheria za kisiwa kama kawaida yake: kila kofia iuzwe katika duka la jumuiya, kwa zamu na kwa bei moja, atakayeuza pembeni atabeba mawe ya gati mwezi mzima. Alisoma kwa sauti nzito. Kisha ndugu wa pande zote mbili wakamfuata nyumbani kwake, wakajipanga ukutani.

Mama wa Natividad alimimina maji ndani ya kofia ya Celso. Mzee akaanza kutembea, polepole, ndevu zikikaribia kugusa kofia. Hatua kumi. Ishirini. Alipofika kizingitini bila tone kudondoka, shangazi wa Celso alikuwa amekwishaanza kulia kwa furaha.

Mzee akamwaga maji, akaigeuza kofia ndani nje ili aisifu vizuri. Kidole gumba kikasimama. Mishono ilikuwa imelalia upande usio wa kawaida, na Pukawata kulikuwa na mfumaji mmoja tu wa mkono wa kushoto.

Celso alikitazama kidole, akautazama mkono wa kushoto wenye kidole hicho, akaelewa. Mzee naye alimtazama Celso, akaelewa kwamba ameeleweka. Za mwizi ni arobaini, lakini hapa wezi walikuwa wawili na arobaini zao zimeangukia siku moja. Haraka mzee akaigeuza kofia kama ilivyokuwa na kumwomba kijana wakaongee nyuma ya jiko.

"Umeitoa wapi?" akanong'ona.

"Pale ulipoipeleka, mzee."

Mzee alieleza kwamba ni kwa ajili ya betri za redio. Mpira unachezwa kila wiki na pesa za zamu ya duka la jumuiya hazitoshi betri. Alilisema hilo kwa uso wa toba kiasi kwamba Celso aliziba mdomo kwa poncho, shuka lake la mabegani. Mzee akaona mabega yake yanatikisika, naye akaanza. Walicheka bila sauti, machozi yakiwatoka, mpaka wakakaa juu ya magunia ya viazi vikavu.

Waliporudi uani, mzee alitangaza kwamba maji yameshikwa na harusi ni Mei, ila kofia inambana bwana harusi. Afume nyingine, na ataifumia hapa, mbele ya macho yake. Watu walipiga makofi. Natividad alipita na bakuli la supu ya nafaka ya kwinoa, akainama kwa Celso kana kwamba anampa kijiko.

"Kofia ya baba imekupendeza," alisema, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijafika ukutani, Celso alikuja na sindano tano za spoki za baiskeli. Akaketi uso kwa uso na mzee, na kwa kuwa mzee hutumia mkono wa kushoto, mikono yao ikafanana kama mtu na kioo chake. Kwa mara ya kwanza maishani aliona uzi unapopita. Redio ilikuwa imewashwa kwa sauti ndogo. Hadi saa nne alikuwa amefuma mistari minane na kufumua sita.